Ngoma ya Nne

Reinier, fundi mitambo wa studio, aliusikiliza tena wimbo waliotoka kuurekodi, kisha akavua hedifoni.

"Evaristo, mlikuwa wapiga ngoma wangapi mle ndani?"

"Watatu. Umelewa?"

"Nasikia wanne."

Odalys, mpiga kinanda aliyetaka kuoanisha jazi yake na ngoma za batá, ngoma za ibada za Kuba, alizopiga Evaristo, katika albamu moja, alicheka. "Mwangwi huo. Mji mzima wa Matanzas kuta zimepasuka." Lakini Reinier alipozima sauti za kinanda na besi, kicheko kilimkauka. Ngoma ya nne ilikuwepo, ikichelewa kidogo nyuma ya zile tatu, kama mtu anayekimbilia msafara uliomwacha.

Kesho yake mchana studio ilianza kunuka mwani, nayo ilikuwa ghorofani, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Walijikaza wakarekodi. Katikati ya wimbo, ngoma ile ikasikika waziwazi pale chumbani. Wale wapiga ngoma wengine wawili wakatupa ngoma zao na kukimbilia mlangoni, lakini Evaristo hakuacha, mikono yake ikazidi kasi, vidole vikapasuka, damu ikatapakaa juu ya ngozi ya ngoma, naye akipiga yowe, "Nishikeni! Jamani, si mimi ninayepiga!" mpaka Odalys na Reinier walipomwangusha sakafuni na kumlalia.

Wakamwita Mama Hortensia, mganga wa mtaa wa La Marina. Alinusa tu mlangoni.

"Nani ana maiti baharini?"

Evaristo aliinamisha kichwa. "Kaka yangu, Lisardo. Aliondoka kwa chelezo kwenda Florida, Marekani. Lakini hajafa, mama. Mwili haujaonekana."

"Ndiyo maana anagonga. Hamjamwimbia, hamjamuaga, hajui yuko upande gani, wa wazima au wa wafu. Mwambie amekufa."

"Mama yetu bado anamngoja. Nitasemaje neno hilo?"

"Sema, mwanangu. La sivyo atakuchukulia hiyo mikono."

Mganga akanyunyiza romu pembe zote, akapuliza moshi wa sigara. Evaristo, vidole vimefungwa vitambaa, akapiga wimbo wa kuaga wafu. Ngoma ya nne ikamjibu, karibu kabisa na sikio lake. Machozi yakamtoka. Akafungua kinywa amwambie kaka yake amekufa, badala yake akanong'ona, "Nenda nyumbani, kaka."

Ngoma ikanyamaza. Wote wakasikia nyayo zilizolowa zikishuka ngazi, taratibu, hadi barabarani. Harufu ikakatika. Reinier akaisikiliza tena ile rekodi: ngoma tatu. Odalys akamkumbatia Evaristo, wakacheka huku wakilia.

Mama Hortensia hakucheka. "Nilikwambia useme amekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Umemtuma wapi?"

Simu ya Evaristo ikaita. Alikuwa mama yake, akihema kwa furaha.

"Mwanangu, acha ngoma zako uje mbio! Lisardo karudi! Kalowa chapachapa, maskini, hata kuongea hawezi. Nimeshamfungulia mlango."