Barabara ya Mwalimu wa Kichina

Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu ni mwalimu wa Kichina, na watu humwita Bi Ghala. Alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye ghala la vitambaa la Wachina. Alipoingia hakujua neno. Alipotoka, aligombana na mabosi kwa lugha yao, na akawashinda. Ndipo shule ya mtaani ikamchukua.

Siku moja alirudi na barua mkononi.

"Fundi, mwisho wa mwaka ujao natoka. Wanataka leseni ya ualimu. Nisipoipata, darasa la Kichina linafungwa."

"Si ukasome?"

"Chuo miaka minne? Na wale watoto nimwachie nani?"

Jirani yetu, karani wa ofisi ya elimu, alikuwa hapo nikimpima suruali.

"Shemeji, kuuliza si ujinga," alisema. "Ipo njia nyingine kwa watu kama wewe, wenye ujuzi bila cheti cha ualimu. Kwanza unafanya mtihani wa lugha. Kisha unasoma kozi ya ualimu kila Jumamosi. Wakati huohuo unafundisha mwaka mzima chini ya mwalimu mlezi. Akiridhika, unapata leseni."

"Na kazi siachi?"

"Huachi. Kesho njoo na vyeti vyako na barua ya mkuu wa shule, tujaze fomu."

Nilifurahi mno. "Jirani, suruali hii nakutilia mifuko sita!"

Mtihani wa lugha aliupita akicheka. Kilichomtoa jasho ni darasa. Kwa Kichina, kununua ni "mai", na kuuza ni "mai". La kununua, sauti huzama kisha hupanda. La kuuza, sauti hushuka ghafla. Watoto walipocheza duka, wauzaji wote walikuwa wananunua!

"Sikilizeni basi!" mke wangu alifoka.

Baada ya kipindi, mwalimu mlezi alimwambia, "Kichina unakijua. Kukifundisha bado. Anza na wanachokijua."

Jioni alinisimulia yote. Nikamwonyesha gauni nililomaliza.

"Limekaa barabara," alisema.

Nikamtania, "Limekaa barabarani? Litagongwa na magari!"

Akaruka kitini. "Fundi, rudia!"

Kesho yake aliandika ubaoni neno moja: barabara. Watoto walilisoma mara mbili. Kwanza baraBAra, ya magari. Kisha baRAbara, yaani sawasawa.

"Herufi ni zilezile," aliwaambia. "Sauti ndiyo imebadili maana. Kichina nacho kina sauti zake."

Siku hiyo wauzaji waliuza. Mwalimu mlezi aliandika ukurasa mzima, huku akitabasamu.

Leseni ilifika mwezi uliopita, na darasa halikufungwa. Tuliipeleka kwanza kwa jirani. Alikuwa amevaa suruali yake ya mifuko sita. Nilimshika mkono huku machozi yakinitoka.

"Njia ilikuwaje, shemeji?" aliuliza.

"Haikuwa barabara kuu," mke wangu alijibu. "Lakini ahsante, shemeji. Imenifikisha baRAbara."