Bitana ya Koti la Babu Silas

Jumamosi asubuhi kazi zetu zilikuwa zile zile. Mimi nililisha kuku, dada yangu Bryony alimnywesha ndama maziwa kwa chupa, na Bibi Hester alikanda unga. Lakini Jumamosi ile Bibi alikatakata pia nyama, viazi na vitunguu, akaoka pai nne. Tulijua maana yake. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Babu Silas.

Kila mwaka siku hiyo tulivuka nyika hadi kwenye mawe ya kale, safu ndefu iliyosimamishwa na watu walioishi huku kabla chuma hakijajulikana. Tulikula pai zetu tukiwa tumeegemea jiwe la mwisho. Babu ndiye aliyekuwa akitangulia. Sasa Babu hakuwepo tena. Alifariki wakati wa baridi.

"Baba yenu anataka twende makaburini kwa gari," Bibi alisema bila kuinua uso. "Anasema nyika si mahali pa goti langu hili. Basi kama hakuna wa kutangulia, safari imekwisha. Si mwaka huu tu, imekwisha kabisa."

"Nitatangulia mimi," Bryony alisema. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Binamu yetu Rowan akacheka, mdomo umejaa mkate. "Wewe? Si juzi tu ulipotea sokoni, tukakukuta duka la viatu?"

"Nilikuwa natazama viatu. Hebu funga buti zako twende."

Bryony alivaa koti la Babu, lililomfika magotini, akabeba mkoba wa pai. Bibi akamweleza Baba njia tutakayopita, naye akakubali shingo upande, tukatoka.

Tulifunga geti la mwisho nyuma yetu, tukavuka kijito kwa daraja la mawe bapa. Kutoka hapo kanuni ya Babu ilikuwa fupi: kijito kiwe mkono wa kushoto hadi chanzo chake, na mawe yako hapo juu. Upepo ulilaza majani, farasi wa nyika wakatutazama na kuendelea kula. Bryony alitembea bila kugeuka nyuma. Bibi alimfuata kwa fimbo yake, akiuma meno kila palipoinuka.

Kisha ukungu ukashuka. Mbele yetu ardhi ilikuwa imelowa, kwa hiyo Bryony akatuzungusha kwa kijia chembamba. Tulipomaliza kuzunguka, kijito hatukukiona tena.

"Hiki kijia ni cha kondoo," Rowan alisema.

"Ni njia."

"Njia ya kondoo. Dada, geuza koti."

Huku kwetu, aliyetangulia akipotea nyikani hugeuza koti lake, ndani likawa nje. Wazee wa zamani walisema ni vibwengo wa nyika wanaopoteza watu, na kwamba hawamtambui mwenye koti lililogeuzwa. Siku hizi hakuna anayewaamini vibwengo, lakini koti bado tunageuza. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaona kuwa umepotea.

"Hatujapotea!" Bryony alisema kwa ukali. "Babu hakuwahi kugeuza koti hili mbele yetu hata mara moja. Nifuateni."

Tukafuata. Muda si mrefu tukafika mahali pa kijani kibichi, laini kama zulia jipya. Babu alipaita kitanda cha manyoya, na alitukataza hata kupakaribia. Katika ukungu ule hatukupatambua hadi mguu wa Bibi ulipozama, ule wenye goti bovu, akaangukia mikono yake.

"Msije wote!" Bibi alisema. "Mmoja alale chini anipe fimbo."

Bryony alilala kifudifudi. Mimi na Rowan tulimshika miguu, naye akavuta, Bibi akatoka taratibu, buti limejaa tope jeusi. Tukakaa juu ya jiwe, tukihema.

Bryony alisimama. "Sijui tulipo," alisema. "Sijui tangu kule tulipozunguka."

Akatua mkoba, akafungua vifungo kimoja kimoja, akavuta mikono ya koti nje, akalivaa upya. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imepauka kwa jua na mvua kuliko hata upande wa nje. Alipokuwa akihangaika na vifungo sote tulinyamaza, na katika kimya hicho nikasikia maji.

"Yako kulia," nilisema.

"Kulia?" Bryony alitega sikio. "Basi tumegeuka. Tunarudi nyumbani bila kujua! Bibi, utaweza?"

"Nimekuja kula pai yangu kwenye jiwe," Bibi alisema. "Nipe mkono."

Tulifuata sauti, Bryony akipima ardhi kwa fimbo kabla ya kila hatua. Tulipokipata kijito tukakiweka kushoto na kupanda, polepole, tukipumzika kila Bibi alipotaka.

"Kondoo!" Rowan alinong'ona.

"Kondoo gani hana masikio?" Bryony alimjibu, akaanza kukimbia. Lilikuwa jiwe la kwanza, fupi, limelowa. Nyuma yake lilitokea la pili, kisha mengine, yakipanda ndani ya ukungu.

Tulikula pai zilizobondeka tukiwa tumeegemea jiwe la mwisho. Bibi aliacha nafasi ya Babu upande wake wa kulia, kama kawaida.

"Bibi, nisamehe," Bryony alisema. "Babu hakupotea kamwe."

"Nani kakuambia? Tazama hiyo bitana." Bibi aliishika kwa vidole viwili. "Kila mwaka, siku moja kabla, alikuja huku peke yake kuitafuta njia upya, maana nyika hubadilika. Alirudi koti limegeuzwa, nami nikamcheka, naye akacheka pia. Mliona anajua njia kwa sababu hakuona aibu kusema hajui. Kupotea si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kuwaburuta watu nyuma yako na huku unajua umepotea."

Bryony aliitikia kwa kichwa. Ukungu ulipoinuka tukashuka. Getini tulimkuta Baba amekuja kutupokea. Alilitazama lile koti, akafungua mdomo.

"Tulipotea," Bryony akamwahi. "Halafu tukafika. Mwakani nitakuja siku moja kabla. Utanisindikiza?"

Baba alimtazama Bibi, kisha akafungua geti. "Nitakusindikiza," alisema.