Swali la Babu wa Sunniva

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Charline alifagia maranda katika karakana ya baba yake huko Ndosho, mtaa mmoja wa Goma. Papa Havugimana alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mti zisizo na pedeli ambazo watu wa Goma hupakia viazi, makaa na mbao. Alikuwa akichonga mikaratusi tangu ujana wake, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome. Charline alimpenda sana baba yake. Lakini tangu aingie darasa la sita, alianza kuona haya kusema anafanya kazi gani.

Mwaka huo darasa lao lilipata shule rafiki nchini Norwei. Mwalimu Adalbert alimpa kila mwanafunzi rafiki mmoja wa kumwandikia kwa Kifaransa chepesi, na barua zilipitia katika simu yake. Rafiki wa Charline aliitwa Sunniva. Alieleza kwamba kwao theluji hufika hadi madirishani, kwamba wavulana kwa wasichana hufundishwa useremala shuleni, na kwamba babu yake huchonga sleji, vile vigari vya mbao visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji. Charline alistaajabu kuona mtoto wa Ulaya akijivunia babu mchonga miti. Hata hivyo, zamu yake ilipofika, aliandika kwamba baba yake ni mkubwa wa ofisi moja huko Himbi, kando ya ziwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika mbali. Barua ya pili ilileta swali. Sunniva alikuwa amemwonyesha babu yake picha ya chukudu aliyoipata mtandaoni alipokuwa akitafuta habari za Goma, na mzee huyo, aliyekuwa mgonjwa kitandani, hakuchoka kuitazama. Alitaka kujua jambo moja tu: gurudumu la mti linawezaje kupita juu ya mawe ya volkano bila kupasuka? Je, Charline anamfahamu fundi yeyote wa kumuuliza?

Fundi alikuwa hatua kumi kutoka pale Charline alipolala kila siku. Naye, maskini, akajibu kwamba hamfahamu yeyote.

Kwa wiki tatu alikaa na uongo ule. Kila alipomsikia baba akigonga misumari, moyo ulimsuta. Mwishowe alimfuata Mwalimu Adalbert akamweleza yote huku akilia. Mwalimu hakumkemea. Alimwambia aende kwanza kwa baba yake, kisha waandike barua.

Papa Havugimana alimsikiliza mpaka mwisho, tezo mkononi.

"Ulinionea haya, mutoto wangu?"

"Ndiyo, papa. Unisamehe."

Baba aliketi juu ya gogo akaanza kueleza, naye Charline akaandika: gurudumu huzungushiwa mpira wa tairi kuukuu na kupigiliwa misumari, na mpira huo ndio unaopokea makali ya mawe. Baba alichora hata gurudumu lenyewe, taratibu, kama mtu anayemwandikia fundi mwenzake.

Katika barua hiyo hiyo Charline aliungama uongo wake, na jibu la Sunniva lilikuja baada ya siku mbili. Hakukasirika. Aliandika kwamba babu alizikwa Jumamosi iliyopita, na kwamba hadi siku za mwisho alikuwa akiuliza kama barua nyingine ya Goma imefika. Mchoro ameutundika katika karakana ya babu, naye angependa kutengeneza chukudu shuleni, iwapo Papa Havugimana atakubali kumfundisha.

Charline alimsomea baba yake barua hiyo mpaka machozi yakamzuia. Baba alisema atamfundisha Sunniva kwa moyo wote.

"Mimi nimekusamehe, na rafiki yako pia," aliongeza. "Lakini yule muzee alituuliza, na jibu tulikuwa nalo hapa. Usicheleweshe ukweli, mutoto wangu. Wewe unaona siku bado zipo, kumbe mutu anayeungoja hana siku."

Kisha akauliza yule muzee aliitwa nani. Charline aliinamisha kichwa. Hakujua, hakuwahi kuuliza.