Kanuni ya Mechi Kumi

Watu wadogo wa nuru, wasiozidi urefu wa kidole, walikuwa wakikimbizana na mpira juu ya mezahai, meza iliyofichwa mashine ndani yake, huku jasho likiwatoka. Mashine ile ilikuwa imewaacha watu wa Tanga midomo wazi. Ililishwa picha chakavu, magazeti na matangazo ya redio ya enzi zilizopita, ikapima kila mchezaji alivyokimbia, alivyofunga na alivyokosa, kisha ikamrudisha mezani acheze vilevile. Timu zilizokufa zamani zilikuwa zinakutana tena, na mashindano yalikuwa yamekaribia.

Mhandisi Mwanaidi Shemweta, aliyeiunda, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kanuni. Siku ya majaribio, Bwana Kaoneka, msimamizi wa timu ya Bandari ya Kale, aliingiza winga mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Jamaa alicheza mechi moja tu maishani, akapiga mashuti matatu, yote yakaingia. Basi mezani kila shuti lake likawa bao. Wapinzani wao, Nyota ya Mkonge, walikula mabao kumi na moja bila majibu, na Kaoneka akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mashine haidanganyi," alisema.

Kweli haikudanganya. Ilijua mechi moja, ikaamini maisha yote yalikuwa hivyo. Mwanaidi akapendekeza palepale kwamba asiyetimiza mechi kumi asiingie mezani. Kamati ikaafiki, hata Kaoneka, ingawa alinuna. Mwanaidi akarudi nyumbani roho kwatu.

Alimkuta baba yake barazani, amenyoosha goti lake bovu, kanzu mpya ikining'inia dirishani. Ndipo alipokumbuka kwamba kanuni yake ingemfungia nje hata baba yake.

Mzee Salehe aliichezea Nyota ya Mkonge mechi moja. Alipiga mashuti mawili, akafunga mawili, kisha goti likavunjika mazoezini na hakurudi tena uwanjani. Mwanaidi alikua akisimuliwa mabao hayo. Mezahai yenyewe aliibuni kwa ajili yake. Na mzee alikwisha kuwaalika majirani wote waje wamwone akicheza.

Kaoneka aliposikia habari hiyo alilainika. Alimwomba Mwanaidi amwachie mzee aingie, wala hakuna ambaye angefungua mdomo. Mwanaidi akakataa katakata. Hakutaka watu waseme kwamba kanuni ni za wenzake, baba yake hazimgusi. Alijiona mwadilifu kwelikweli, na sifa za uadilifu huo alizichukua yeye, huku machungu yake yakimwendea mwingine. Alikuja kulijutia hilo kuliko jambo lolote alilowahi kuliamua.

"Kanuni ni kanuni, mwanangu," mzee alijibu alipoelezwa. Siku ya mashindano alivaa kanzu yake vilevile, akakaa mstari wa mbele, akawapigia makofi Nyota ya Mkonge hata walipokuwa wanatolewa. Majirani waliona haya kumuuliza mbona yeye hayumo mezani.

Jumapili iliyofuata, ukumbi ukiwa mtupu, Mwanaidi alimleta baba yake peke yake. Akaiondoa kanuni, akaiwasha mezahai. Akatokea kijana mwembamba mwenye jezi ya kijani na magoti mawili mazima. Mzee akainama mpaka ndevu zake zikakaribia kugusa meza.

Kijana akapiga, akafunga. Akapiga tena, akafunga. Mechi ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu, kwa mguu uleule na kona ileile ya goli. Mzee alianza kwa kutabasamu, halafu tabasamu likamtoka taratibu.

"Huyu si mimi," alisema. "Mwambie akose, hata mara moja."

Mwanaidi akaeleza kwamba haiwezekani. Mashine ilijifunza kutokana na yaliyotokea, na baba hakuwa na shuti hata moja lililotoka nje.

Mzee akanyoosha mgongo. "Mabao niliyapata, mwanangu. Nilichokosa ni ile miaka ya kupiga nje, watu wakuzomee, na wiki inayofuata urudi tena uwanjani. Nilidhani labda humu ipo."

"Nisamehe, baba."

"Hukunivunja goti wewe. Zima, twende."

Akazima. Mzee akamshika bega, wakatembea polepole hadi mlangoni, na Mwanaidi hakuwa na kingine cha kumpa.