Nilimkana Mama Kwenye Geti la Samaki

"Mwalimu, huyo mama unamjua?"

Nikamwangalia mwanamke aliyepiga magoti kwenye matope, ananyang'anyana kichwa cha samaki mbuta na mwanamke mwenzake.

Nikageuza macho.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Jamani... huyo alikuwa mama yangu mzazi!

Naomba msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkishamaliza, nitukaneni tu, nitakuwa nimestahili.

Ilikuwa 1994, Kisumu. Siku za kazi nilikuwa afisa wa ushirika. Jumamosi nilifundisha uchumi na mkakati wa biashara kwenye chuo kikuu kimoja kilichofungua madarasa mjini kwa watu wazima wenye kazi zao. Nilikuwa mwalimu wa muda tu, sikuwa hata na kiti changu pale, dawati naazima. Lakini maringo? Weee! Nilikuwa na tai tatu, na majirani waliniita Profesa. Sikuwahi kuwasahihisha.

Siku ile nilikuwa nimepeleka darasa langu kutembelea kiwanda cha samaki. Mwenyeji wetu alikuwa Walter Ogola, mwanafunzi wangu wa mwaka uliotangulia, ambaye sasa alikuwa meneja wa ununuzi. Alinipigia simu mwenyewe.

"Mwalimu, leta hao watu waone yale unafundisha yakifanya kazi!"

Kichwa kikavimba.

Kiwanda kilitoa minofu ya mbuta kupeleka Ulaya. Kilichobaki, kichwa na mfupa, ndicho watu wa Kisumu tunakiita mgongo wazi. Kina mama wanakipigania getini, wanaenda kukikaanga, wanawauzia wale wasioweza kununua samaki mzima.

Sasa mama yangu alifikaje hapo? Mimi nilijua yuko nyumbani Usenge, ananunua mbuta wazima kutoka kwa mashua na kuwakausha kwa moshi, kama alivyofanya tangu baba afe. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Aliponiona hakuniita. Alivuta leso haraka akajifunika uso, yakabaki macho tu. Waithira, kiongozi wa darasa, ndiye aliyeona nilivyosimama ghafla. Ndipo akauliza lile swali.

Petro angalau aliwikiwa na jogoo akalia. Mimi nilirekebisha tai, nikaingia ndani na wanafunzi wangu.

Ofisini, Walter alifungua droo akatoa karatasi.

"Hii ndio ilinipa kazi," akasema. "Nilimpelekea mkubwa ikiwa na alama ya mwalimu juu yake."

Nikautambua wino wangu mwekundu. A kubwa, imezungushiwa duara.

Niliikumbuka vizuri. Niliwaambia wanafunzi, nendeni mkatafute mfanyabiashara asiyeshindika, mniandikie mngemshinda vipi. Na msitaje majina! Utafiti wa heshima hautaji jina la mtu. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha.

Kwa hiyo Walter aliandika Ufuo X na Mchuuzi A.

Mchuuzi A ni mjane wa miaka sitini hivi. Mashua kumi na nne zinamuuzia yeye kwanza, ingawa bei yake haipiti ya wengine. Siri yake ni kwamba kila alfajiri anawangojea wavuvi ufuoni na "kinywaji cha moto". Wanatoka majini wamelowa, wanatetemeka, na kitu cha kwanza kinachoingia mkononi mwao ni kikombe chake. Nani atakunywa kikombe cha mama halafu samaki ampe mwingine?

Niliisoma mara mbili. Walter alikuwa amependekeza kumshinda kwa kupandisha bei. Nikatikisa kichwa, nikaandika pembeni: "Usishindane naye kwa bei. Shindana naye kwa kikombe. Fika kabla yake."

Sasa Walter alikuwa anayasoma maneno hayo kwa sauti, na darasa linapiga makofi!

"Tukafanya vile mwalimu alisema," akaendelea. "Lori ya barafu, chai ya maziwa na mkate, tuko hapo kabla jua kutoka. Na nyavu mpya kwa kila mtu anauzia sisi pekee. Miezi mitatu tu, mashua zote kumi na nne zetu!"

"Na huyo Mchuuzi A alienda wapi?" Waithira akauliza.

Walter akainua mabega.

"Sijui. Ni mama mmoja wa Usenge, anaitwa Dorca. Mama mzuri sana. Siku ile nilienda kuandika, alinipatia uji ya wimbi mpaka nikashiba."

Uji wa wimbi...

Wasomaji wangu, ule uji niliukuta kwenye sufuria kila nilipofunga shule. Nilikunywa mabaki ya wavuvi nikapata nguvu ya kufungua vitabu. Halafu mtu akauandika "kinywaji cha moto", na mimi msomi nisiutambue! Mama yangu alikuwa ndani ya karatasi ile kurasa kumi na mbili. Nikamsoma mara mbili, nikamwonyesha mtu njia ya kummaliza.

Nikamwachia Waithira darasa, nikatoka mbio.

Getini hapakuwa na mtu ila mlinzi.

"Yule wa leso ya kijani?" akasema. "Huyo anakaa Mamboleo, kwa mama anaitwa Lornah."

Lornah ni binamu yangu! Na Mamboleo ni mwendo wa baiskeli tu kutoka kwangu.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, karai likiwa motoni, anakaanga mgongo wazi. Lornah aliponiona aliingia ndani bila hata salamu. Sikumlaumu.

"Wuoda, mwanangu," mama akasema. "Umekula?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza!

"Mama, uko hapa tangu lini?"

"Miezi tano sasa."

"Miezi mitano! Na sukari ninayotuma Usenge?"

"Inafika. Jirani ananiletea huku. Ero kamano, asante."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Wewe uko na kazi mingi."

Nikapiga magoti kwenye majivu, na tai yangu shingoni.

"Mama, pale getini niliulizwa kama nakujua..."

"Nilisikia."

Akageuza samaki upande wa pili.

"Nilisikia. Lakini ulikuwa na wageni. Na mimi si nilijifunika?"

Angenizaba kofi ningepona. Sikupata kofi.

Machozi yalinitoka pale mbele ya karai, mtu mzima mwenye digrii mbili. Nikajikaza nimuulize lile lililonileta.

"Mama, unakumbuka kijana mmoja alikuja Usenge na daftari?"

Uso wake ukang'aa!

"Walter! Kijana ya adabu sana. Alisema anasoma kwa japuonj, mwalimu Obiero wa Kisumu. Nikasema eh, mwanafunzi ya mtoto yangu! Basi nikamwambia yote. Saa ya mashua, majina ya wavuvi, nani anapenda uji na sukari, nani hapendi. Sikuficha kitu."

"Hukumwambia kwamba mimi ni mwanao?"

"Ndio akuone aje? Mwalimu mzima, mama yake ananuka moshi? Nilinyamaza. Nilimsaidia tu, kazi yako iende mzuri."

Miaka yote ile nilikuwa nawafundisha watu biashara, sikuwahi kumuuliza mama biashara yake inaendaje. Aliyemuuliza alikuwa mgeni, akaambiwa kila kitu kwa sababu ya jina langu.

"Na lori ilipokuja, Mama?"

"Nilimwona Walter juu ya lori. Akaniamkia. Nikarudi nyumbani na sufuria yangu, imejaa."

Akaepua samaki. Kisha akainama karibu nami, akauliza kwa sauti ya chini, kama mzazi anayesubiri barua ya shule.

"Obiero... yule kijana alipita?"

"Alipita, Mama."

"Alipata ngapi?"

"A."

Akapiga makofi, mikono imejaa mafuta.

"A! Basi si bure."

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikawaambia yule mama wa getini ni mama yangu. Walter nilimfuata mwenyewe nikamweleza. Alikaa chini kwenye ngazi za kiwanda, akashika kichwa. "Mwalimu, kwa nini hakusema?" Lakini nyavu zilikuwa zimeshagawanywa, na hakuna mashua hata moja iliyorudi kwa mama.

Alikubali kuhamia kwangu. Na kila alfajiri nilimsikia jikoni, anakoroga uji. Tulikuwa wawili tu nyumbani, lakini alipika sufuria ya mashua kumi na nne. Nilikunywa vikombe vitatu, vinne, mpaka tumbo linauma, ili usimwagwe. Alifariki mwaka wa 1996. Sikuwahi kusikia akilalamika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wapendwa, unaweza kuwa na digrii za kujaza ukuta, lakini kama hujui aliyekulea alikulea kwa njia gani, bado uko darasa la kwanza. Nenda kamuulize leo. Usingoje mgeni amuulize kabla yako.

Nilifundisha miaka kumi na tisa zaidi. Mwanafunzi akiniandikia Mchuuzi A, sikutoa alama. Nilimrudishia karatasi yake na swali moja kwa wino mwekundu: "Anaitwa nani?"

Wangu aliitwa Dorca Anyango.