Edson, Hukuweka Mlango

Watu wa Tunduma hawaishiwi maneno, na nimechoka kusikia kwamba kaka yangu Edson alirogwa. Hakurogwa na mtu. Mimi Fides, dada yake wa kufuatana, nilikuwepo. Acheni niwaeleze.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Malori yamejipanga kuelekea mpakani, baridi kavu, jua kali, na Edson yuko kwenye meza yake ya ufundi pamoja na rafiki yake Habibu, wanachezea makopo yao. Makopo ni jina alilozipa mashine hizo wifi yangu Gwantwa, mke wa Edson. Zilikuwa kompyuta za nyumbani za zamani, zile za kibodi nene unazochomeka kwenye TV, walizozinunua kwa wastaafu wa migodini upande wa Zambia. Hawa wawili walizitengenezea katriji mpya: kiboksi kidogo unakipachika kwa nyuma, na kompyuta iliyokwisha kuzeeka inapata mchezo ambao haikuwahi kuwa nao. Wenzao wana mpira, wao wana hayo.

Ndani ya katriji mna chipu yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Ukishaandika mchezo, kidirisha kinazibwa kwa kikaratasi, maana jua likiingia humo siku nyingi linafuta kila kitu. Ukitaka kuandika upya, unabandua karatasi na kuianika chipu juu ya bati. Kubandika ilikuwa kazi ya Gwantwa. Anakata karatasi ya gundi, anailamba, anaikandamiza kwa dole gumba lake lenye kovu la kisu cha kumenyea ndizi.

"Hapo imekwisha," anasema. "Msiiguse tena."

Siku hiyo Edson alikuwa amemchora yeye. Mwanamke mdogo wa kitenge cha kijani, ndoo kichwani, anatoka kisimani kwenda nyumbani. Gwantwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mbona nyumba yenyewe haina mlango, baba? Nikifika naingilia wapi?"

Edson akasema mlango atauweka kesho, kwa sasa alitaka tu kuona kama katriji inasoma. Mwanamke akafika ukutani, akageuka, akarudi kisimani. Gwantwa akabandika karatasi yake hivyo hivyo, kwa utani.

Kesho hiyo haikumkuta. Presha ilimchukua alfajiri, tukamzika kwao Isongole kwa ombi la mama yake.

Siku ya kugawa nguo, shangazi yake aliagiza kila alichokishika marehemu kitoke ndani: vitenge, sufuria, hata kitana. Edson alitoa vyote bila neno. Katriji ile aliificha.

Nilikuja kujua nilipomkuta ameiwasha mchana. TV nzima ni yule mwanamke. Kisimani, ukutani, kisimani tena, na Edson hata hajashika kibodi.

"Kaka, umekula?"

Nikavuta kigoda nimseme vizuri. Ndipo nikasikia miguu nje, miguu ya mtu aliyejitwika maji, taratibu. Ikafika mlangoni. Ikasimama. Ikarudi ilikotoka.

Nikafungua. Jua la utosini, hakuna mtu. Sakafu ya kibaraza ilikuwa na matone ya maji, yamekuja mpaka kizingitini na kurudi.

"Ni yeye," Edson alinong'ona. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko kilio.

Kesho yake aling'oa mlango wa nyumba. Tunduma hii, na baridi yake na wezi wake! Alidhani mlango ndio unaomzuia mkewe. Akawa analala wazi, kifua kikamkaba, akakohoa mpaka akakonda. Na miguu ikaja vile vile. Ikafika kizingitini. Ikasimama. Ikarudi.

Nikamwita Habibu. Tukakaa watatu mbele ya TV. Mwanamke akafika ukutani, na safari hii hakugeuka. Ndoo ikashuka chini. Herufi zikaanza kutoka, moja, moja. Hakuna aliyegusa kibodi.

EDSON HUKUWEKA MLANGO

Habibu akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Herufi zikaendelea.

NIMECHOKA

"Mwekee huo mlango!" nikasema.

"Kuandika upya lazima nifute kwanza," Edson alijibu. "Nikifuta, ndiyo basi tena, Fides. Sina kingine chake."

"Basi mwache alale, kaka. Unampenda, halafu unamtembeza hivi?"

Nililia. Wifi yangu yule nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu.

Edson aliibandua karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Akapanda kwa ngazi, akaiweka chipu juu ya bati, kidirisha kikitazama jua. Aliposhuka akaniambia, "Ondoka na ngazi. Ikibaki hapa nitamfuata kumtoa." Nikaibeba mpaka kwangu, nikaifungia chumbani, ufunguo nikauning'iniza shingoni.

Wiki ile, kila adhuhuri, miguu ilitembea juu ya bati. Edson anakaa chini yake, macho darini. Ikawa nyepesi. Ikawa nyepesi zaidi, kama ya kuku. Siku moja haikuja.

Nikarudisha ngazi. Edson akapanda, akakawia sana huko juu. Akashuka amefumba kiganja. Alipokifumbua, kidirisha kilikuwa kimezibwa. Karatasi ya gundi, imekatwa sawasawa.

"Fundi, kama imezibwa basi haijafutika!" Habibu alisema. Nikaona uso wa kaka yangu unafufuka. Wakaipachika haraka, wakawasha.

Giza. Hakuna kisima, hakuna ukuta, hakuna mwanamke wa kitenge cha kijani. Karatasi ilikuwa imebandikwa baada ya kila kitu kwisha kufutika.

Hapo Edson akalia kile kilio alichokuwa amekizuia tangu msibani. Habibu alipotaka kuichukua chipu aiandikie kitu kingine, Edson akamshika mkono.

"Hapo imekwisha," akasema. "Msiiguse tena."

Mimi niliigusa. Kwenye karatasi palikuwa na alama ya dole gumba, na katikati yake mstari wa kovu. Nikapitisha kidole. Gundi ilikuwa bado mbichi, ina mate.