Milimita Nne za Usukani

Kila siku akitoka shule, msichana huyo alipitia gereji ya baba yake mdogo kabla hata ya kuvua sare. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na darasani walimwita Milimita, maana hakuna kitu alichokiamini mpaka akipime. Alipima dawati, akapima dirisha, na siku moja alimpima mwenzake pua, akamwambia imeizidi ya kwake kwa milimita tatu. Wakanuniana wiki nzima. Jina likamganda, naye akalipenda.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya grisi. Mbele zilipangwa pikipiki za wateja, na nyuma kabisa, chini ya turubai, ilikaa pikipiki nyekundu ya mashindano. Baba Mdogo aliiendesha enzi za ujana wake. Mteja yeyote aliyesubiri dakika kumi alisimuliwa, apende asipende, jinsi fundi huyo alivyokuwa akiongoza fainali hadi injini ilipozima ghafla, mita mia kabla ya mwisho.

Kwa miezi mitatu Milimita alikuwa akiitengeneza pikipiki hiyo upya, ndogo ya kukaa juu ya daftari. Kila milimita kumi za ile kubwa zilikuwa milimita moja ya ile ndogo. Fremu ilikuwa ya waya, tangi la bati la kopo la maziwa, matairi ya raba ya kandambili. Spoki ndizo zilizomtoa jasho: thelathini na sita kwa kila gurudumu, zote nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, akizifunga moja moja huku vidole viwili vimezungushiwa plasta. Kila kipimo alikiandika daftarini.

Jumamosi ile shule ingefanya maonyesho ya kazi za mikono. Mkufunzi kutoka chuo cha ufundi angechagua mwanafunzi mmoja wa kutumia likizo nzima katika karakana ya chuo, ambako kulikuwa na mashine ya kuchonga chuma. Milimita aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Mashine alishaiota mara mbili, na wala hajawahi kuiona.

Alhamisi, Mwalimu wa Ufundi alipita kukagua. Aliisifu ndege ya Rubani, kijana aliyekaa dawati moja na Milimita, kisha akaigeukia pikipiki.

“Kazi nzuri,” alisema. “Lakini usukani umepinda. Upande wa kushoto umeshuka.”

“Haujapinda, Mwalimu. Umeshuka milimita nne, kwa sababu ile kubwa umeshuka arobaini. Pikipiki za mashindano zinatengenezwa hivyo, ili zilale vizuri kwenye kona.”

“Nani kakwambia?”

“Baba Mdogo. Aliendesha mashindano.”

Mwalimu alifungua kabati, akatoa kalenda yenye picha ya pikipiki ya mashindano. Usukani wake ulikuwa sawa pande zote.

“Kona ziko za kushoto na za kulia,” alisema. “Au hiyo yenu ilikuwa inakata upande mmoja tu?”

Darasa zima likaangua kicheko. Milimita alihisi uso unamchoma.

“Unyooshe kabla ya Jumamosi,” Mwalimu aliendelea. “Bila hivyo haitapanda mezani. Sitaki wageni waseme nafundisha watoto kulipua kazi.”

“Sitaunyoosha.”

Kicheko kilikatika. Hata yeye mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake, lakini hakurudi nyuma. “Samahani, Mwalimu. Nimepima mara tatu. Nikiunyoosha nitakuwa nimetengeneza pikipiki nyingine.”

“Basi shauri yako,” alisema Mwalimu.

Wakati wa kutoka, Rubani alimfuata hadi getini. “Una kichwa kigumu wewe. Koleo, dakika mbili, yamekwisha.”

“Na wewe ukiambiwa ukate bawa moja la ndege yako?”

“Nakata na la pili, yawe sawa.”

Milimita nusura acheke, ila hasira ilikuwa bado imemkaba.

Ijumaa alasiri alimweleza Baba Mdogo yote. Fundi alikuwa akisafisha plagi kwa kitambaa, na hakuinua macho.

“Nyoosha tu, mwanangu. Kalenda haidanganyi.”

“Kama kalenda haidanganyi, nani amedanganya?”

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Baba Mdogo aliweka plagi chini, akakaa juu ya tairi kuukuu.

“Injini haikuzima,” alisema polepole. “Nilikuwa wa kwanza, watu wananishangilia, nikaachia mkono mmoja niwapungie. Nikala mchanga. Usukani ukapinda palepale. Miaka kumi na mitano nawasimulia watu habari za injini. Wewe ulikuwa na miaka sita uliponiuliza kwa nini usukani uko vile, ikabidi nitunge hilo la kona.”

Milimita aliumia. Maneno ya kona alikuwa ameyatetea mbele ya darasa zima. “Sasa unataka na yangu itunge uongo?”

“Nataka isinitie aibu mbele za watu. Nakuomba.”

Tangu amjue, Baba Mdogo hakuwahi kumwomba kitu. Alimfundisha kushika spana, alimpa meza, alimpa waya. Milimita akachukua koleo, akaubana usukani mdogo, akaupinda kwenda juu. Rangi ikapasuka kwa sauti ndogo, kama biskuti. Usukani ulipanda milimita moja.

Aliutazama, na moyo ukamkataa. Akaurudisha ulipokuwa, akaweka koleo mezani.

“Siwezi, Baba Mdogo. Kukudharau sikudharau. Lakini daftarini nimeandika arobaini kwa mkono wangu. Nitaenda nayo hivihivi. Wakiikataa, nitasimama nayo mlangoni.”

 Baba Mdogo aliinuka akaenda kuivuta turubai, akaifunika pikipiki yake vizuri.

Jumamosi Mwalimu hakuvunja neno lake. Mezani hapakuwa na nafasi. Milimita akasimama kwenye mlango wa ukumbi, pikipiki ameipakata juu ya kipande cha ubao, daftari kwapani. Wageni walimpita kushoto na kulia. Aliapa kwamba atakayetaka kumwondoa pale itabidi ambebe.

Mkufunzi wa chuo, mama mmoja mwenye miwani, alisimama mbele yake. “Na hii mbona iko nje?”

“Ina kasoro,” alijibu Mwalimu haraka. “Usukani.”

“Haina kasoro,” alisema Milimita. “Nilichokosea ni maelezo niliyotoa juzi. Kipimo ni sahihi.”

Kabla Mwalimu hajasema neno, matairi yalisikika yakisaga kokoto za uwanja. Baba Mdogo alikuwa akiisukuma pikipiki nyekundu kutoka getini, amevaa shati safi, jasho linamtiririka. Akaiegesha mbele ya mlango.

“Pimeni,” alisema.

Mkufunzi alitoa utepe wa kupimia mkobani. Milimita alisoma daftarini, mkufunzi akapima. Gurudumu, mia sita. Urefu, elfu mbili na kumi. Usukani, kushoto umeshuka arobaini kamili. Baba Mdogo aliwageukia wageni, na baadhi yao walikuwa wateja wake, akawaambia alivyoanguka. Alipowaonyesha alivyopunga mkono, walicheka hadi wakashika mbavu. Mwishowe akacheka nao.

Mkufunzi alikuwa bado ameinamia ile ndogo. “Na huu ufa wa rangi? Kwenye kubwa haupo.”

Milimita angeweza kusema imegongwa njiani, na hakuna ambaye angejua.

“Huo ni wangu,” alisema. “Jana nilishika koleo nikataka kuunyoosha.”

Mkufunzi alivua miwani. “Ufa wa rangi nitakufundisha kuuziba asubuhi moja tu likizo ikianza. Kusema kweli hata inapokuumiza, hilo umekuja nalo mwenyewe. Fundi anaandika alichopima, siyo kile wakubwa wanachotaka kukiona.”

Mwalimu alisogeza ndege ya Rubani kidogo, akatengeneza nafasi mezani kwa mkono wake. “Nilikagua kalenda, sikukagua daftari lako,” alisema. “Nisamehe.”

Jioni, jirani mmoja wa gereji aliwaona Milimita na Baba Mdogo wakirudi, mmoja kila upande wa pikipiki.

“Leo nimejua kitu,” alisema Baba Mdogo. “Miaka yote hii nilikuwa nabeba ule uongo, na ulikuwa mzito kuliko pikipiki yenyewe. Usikubali kubebeshwa wa mtu, mwanangu. Hata uwe wa kwangu.” Akavuta pumzi. “Jumatatu naunyoosha huu usukani.”

“Thubutu,” alisema Milimita. “Ukiunyoosha, yangu itakuwa na makosa.”

Wakaisukuma hadi nyumbani, nayo ikivuta kushoto njia nzima.